Anayefuta Kioo cha Kibirizi

Ukimuuliza mtu yeyote pale soko la dagaa Kibirizi, mjini Kigoma, kazi ya Melania ni nini, atakujibu bila kusita: anafuta kioo. Kila Alhamisi saa nne asubuhi hushuka kutoka mtaa wa Mwanga, huazima ngazi ya mbao kwa wapagazi, hupanda kwenye nguzo iliyo mbele ya ofisi ya umoja wa wauza dagaa, na kufuta vumbi na moshi kwenye kioo cha kamera. Ni dakika tano, zikizidi kumi. Kisha hushuka, hurudisha ngazi, huyo anaondoka. Wamemwona akifanya hivyo kwa miaka miwili, na hakuna aliyejisumbua kuuliza siku nyingine sita anafanya nini.

Siku hizo sita, na hiyo ya saba pia, Melania huchunga seva. Seva ni kompyuta isiyozimwa, ambamo tovuti ya umoja inakaa. Haiko Kigoma. Iko Dar es Salaam, kwenye chumba cha baridi ambacho Melania hajawahi kukanyaga, na umoja umeikodi nzima, hawachangii na mtu. Tovuti inaonyesha bei ya dagaa ya Kibirizi na ya Katonga, na juu ya bei kuna picha ya moja kwa moja kutoka mwaloni, pale ufukweni boti zinapotia nanga, ili mnunuzi aliye Kasulu ajionee mwenyewe kama mzigo umeshuka au haujashuka, asidanganywe na madalali. Madalali hawaipendi kamera hiyo, na wala hawafichi.

Sasa, kama simu yako ilivyo na bando, seva nayo ina bando lake. Hiyo ya umoja inaruhusiwa kutoa terabaiti nne kwa mwezi, yaani gigabaiti elfu nne. Kila anayefungua picha huko aliko anachota humo. Likiisha, wenye seva wanaizima mpaka tarehe moja ya mwezi unaofuata, na hawabembelezwi. Kazi ya Melania ni kukaa mbele ya grafu, kuona nani anachota, saa ngapi na kiasi gani, na kuhakikisha mwezi unaisha kabla bando halijaisha.

Agosti bando liliisha tarehe ishirini na tatu. Septemba likaisha tarehe ishirini na mbili. Hapo Mzee Abdulatif, mwenyekiti wa umoja, akamwita ofisini. Huyu ni mtu wa Ujiji, wa ukoo uliofanya biashara tangu hakuna hata barabara, na kwake jambo zito husemwa kwa sauti ya chini.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Mara ya kwanza tulisema ni bahati mbaya. Mara ya pili tukanyamaza. Wajumbe wamekaa jana, wanasema bando likiisha tena kabla ya mwezi, kamera inashushwa, seva inarudishwa kwa wenyewe. Na wewe tunakushukuru kwa kazi yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Na usiniombe tuongeze bando. Nimewaomba mimi mwenyewe, wamenikatalia mbele ya watu."

Melania akaondoka na jambo hilo kichwani. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Melania si mtu wa maneno mengi. Ni Muha wa Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya Burundi, na mama yake, Verediana, ni mkausha dagaa. Dagaa hao ndio waliomsomesha. Mama alimtuma chuo akawe nesi, arudi kwenye zahanati ya kijijini avae nguo nyeupe, watu waone. Mwaka wa kwanza haujaisha, Melania akahamia kwenye kompyuta, na kwa woga wake akakaa kimya mpaka siku ya mahafali. Mama alikuja na boti, akavuka nchi kwa treni, akafika akiwa na nguo nyeupe aliyoishonesha mwenyewe kwa fundi. Ndipo akaambiwa.

"Hiyo kazi inafanyikaje?" aliuliza.

"Ni kuangalia seva, mama."

"Iko wapi niione?"

"Haionekani."

Verediana akaikunja ile nguo, akairudisha kwenye mfuko. Tangu siku hiyo walipigiana simu kwa misiba na magonjwa tu. Melania hajaenda Kagunga mwaka wa nne sasa, na ukimuuliza sababu anasema kazi. Ukweli ni kwamba anaona haya.

Basi Oktoba ikaanza, na bando likaanza kuliwa kama kawaida, gigabaiti mia na themanini kwa siku. Kufika tarehe kumi na tano, theluthi mbili zilikuwa zimekwenda. Melania akaketi na grafu yake siku nzima.

Mambo mawili alikuwa akiyajua zamani. La kwanza, kila siku mchana, boti ya abiria kutoka Kagunga inapofika Kibirizi, mstari wa grafu hupanda kwa muda kisha hushuka. Alidhani ni wanunuzi wanaotaka kuona magunia yakishushwa. La pili, kila Alhamisi saa nne asubuhi mstari hupanda kuliko siku zote. Hili alikuwa na maelezo yake ya kitaalamu: yeye mwenyewe anakuwa mbele ya kioo, kitambaa kinapita huku na huku, na picha yenye kitu kinachosogea huwa nzito kuliko picha ya kitu kilichotulia. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa. Aliridhika nayo miaka miwili.

Lakini siku hiyo aliona la tatu. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Wavuvi wa taa walikuwa wamepumzika, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa mwezi ukiwa mkubwa, na mwalo ulikuwa mtupu. Wanunuzi wa Kasulu na Kibondo walikuwa wameacha kufungua picha, kama inavyokuwa kila mwezi ukijaa. Ila anwani moja ya mtandao haikupungua hata kidogo. Ilikuwa ikichota kutwa nzima, na peke yake ilikuwa inakula theluthi mbili ya bando lote. Alipoitafuta ni ya nani, ikasomeka ni ya kampuni ya nje ya nchi inayouza mtandao wa dishi la setilaiti.

Mnunuzi gani anakaa wiki nzima kutazama mchanga mtupu? Melania akajijibu kwamba huyo si mtu. Ni mashine ya mwizi fulani huko mbali, inanakili picha za watu. Akaiwekea anwani hiyo kikomo: gigabaiti kumi kwa siku. Zikiisha, picha inaganda mpaka siku ya pili.

Grafu ikalala. Mzee Abdulatif, ambaye grafu kwake ni michoro tu, alionyeshwa na akasema alhamdulillahi. Wajumbe wakapunguza makali. Melania alilala vizuri usiku ule, na siku nane zilizofuata, akajisifu kimoyomoyo, jambo ambalo si kawaida yake.

Alhamisi ya tarehe ishirini na nne alishuka Kibirizi saa nne kama ada, akakuta ngazi imechukuliwa na mafundi wanaoezeka banda la jirani. Akaambiwa asubiri kidogo. Kidogo cha mafundi kikamfikisha saa saba mchana. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, alikuwa juu ya ngazi akifuta kioo wakati boti ya Kagunga inafunga kamba.

Abiria walishuka, kina mama na vikapu vyao, wanaume na magunia. Kila aliyekanyaga nchi kavu alikuja mpaka chini ya nguzo, akatua mzigo, akanyanyua uso, akainua mkono juu, akakaa hivyo kidogo, halafu akabeba mzigo wake na kwenda zake. Mmoja baada ya mwingine. Hawakusukumana. Mama mmoja aliinua na kitoto chake alichokuwa amekibeba, kikaonekana vizuri.

"Mnafanya nini?" Melania akauliza akiwa juu.

Aliyejibu ni nahodha wa boti, mtu mnene aitwaye Thobias, ambaye naye alikuwa ameinua mkono. "Tunawaambia wa nyumbani kwamba tumefika. Zamani, msafiri asipokuwa na salio, walisubiri boti irudi kesho ndiyo waambiwe. Sasa wanatuona." Akaushusha mkono. "Yaani walikuwa wanatuona. Siku hizi picha inakata saa tatu asubuhi, sisi hata katikati ya safari hatujafika. Mke wangu juzi kashinda na njaa ufukweni, akinisubiri kwenye simu. Sisi tunainua tu kwa mazoea."

Melania akashuka vipandio viwili. "Kagunga mnapata wapi mtandao wa kutazama picha?"

"Kwa Bonaventura, dada. Si ameweka dishi kwenye kibanda chake? Unalipa asubuhi, unatumia kutwa. Kina mama wanapokausha dagaa kila mmoja anaifungua Kibirizi, anaiweka simu juu ya jiwe, anaiacha wazi kama redio. Ukishalipia kutwa utafungaje?"

Dishi moja, anwani moja. Kagunga yote ilikuwa inapita kwenye mlango mmoja, na kwenye grafu ilisomeka kama mtu mmoja mlafi asiyeshiba. Melania akaelewa yote pale pale, akiwa na kitambaa mkononi. Alijisikia vibaya sana. Kwa miaka miwili aliipima picha ile kwa gigabaiti, na hakuna siku aliyoifungua akaitazama.

"Halafu wewe si ndiye Melania wa mama Verediana?" Thobias akaendelea. "Nimezunguka na mzigo wako wiki nzima. Alhamisi iliyopita nilifika ukawa umeshaondoka."

Akatoa kwenye boti furushi la karatasi. Ndani kulikuwa na dagaa wakavu, wale weupe wasio na mchanga, na juu yao kitambaa cheupe kipya, kimepindwa pindo kwa mkono pande zote nne.

"Ameniagiza maneno, na nimeapa kuyafikisha yalivyo," Thobias akasema, na dhahiri alikuwa ameyangojea kwa hamu. "Anasema hicho kitambaa chako unachofutia kinamtia aibu. Kila Alhamisi anawaita watu wote waache kazi, waje wamwone mwanawe. Anawaambia, huyu ndiye anayefuta kioo, asipofuta yeye hamwoni kitu. Halafu mwanawe anatokea na tambara la kufutia masufuria. Kagunga nzima inaliona."

Melania alikitazama kitambaa. Aliwahi kukiona. Kilikuwa kitambaa cha ile nguo ya unesi. Mama alikuwa ameikata.

Alipanda tena ngazi, akatia tambara lake mfukoni, akafuta kioo upya kwa kile kitambaa cheupe, ingawa alijua kabisa kwamba Kagunga hakuna anayemwona. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mzee Abdulatif.

"Mzee, nimempata anayekula bando."

"Nani?"

"Mama yangu. Na majirani zake."

Mzee alicheka mpaka akavua kofia. Akaelezwa habari ya dishi, ya simu juu ya mawe na ya mikono inayoinuliwa. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akavaa kofia. "Habari nzuri. Ila wajumbe hawahesabu kicheko, binti yangu. Ufanye unavyojua. Tarehe thelathini na moja jioni nataka nione seva inawaka."

Siku hiyo hiyo Melania aliondoa kikomo cha Kagunga, kisha akakaa chini kubana matumizi. Zilikuwa zimebaki gigabaiti mia sita na sabini. Akaizima picha kuanzia magharibi hadi alfajiri, maana gizani haionyeshi kitu. Akaipunguza ukubwa. Akaipanga ijifunge yenyewe kwenye simu ambayo haijaguswa kwa robo saa, ili anayetaka kuona aiguse, na simu zilizosahauliwa juu ya mawe ziache kuchota. Bei aliziacha zilivyo, kwa kuwa maandishi hayana uzito. Ilisaidia, lakini si kiasi cha kutosha. Giza la mwezi lilikuwa limerudi, wavuvi wa taa wamerudi majini, na wanunuzi wa bara nao wakafungua picha zao. Na kina mama wa Kagunga walijifunza siku ya pili tu kupita karibu na simu na kuigusa kwa kidole cha mguu.

Asubuhi ya tarehe thelathini na moja zilikuwa zimebaki gigabaiti arobaini. Wanunuzi wa bara peke yao wangekula ishirini na tano. Na ilikuwa Alhamisi.

Mtu mwingine angesema anaumwa na jino, asiende kufuta kioo siku hiyo, Kagunga wakose cha kutazama. Melania aliliwaza hilo na halikumkalia vizuri. Saa moja asubuhi akampigia mama yake. Hapakuwa na msiba wala ugonjwa, kwa hiyo mama alipokea kwa wasiwasi.

"Mwakeye, mama," akamwamkia.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa." Waliongea Kiha, na Melania alikuwa amesahau jinsi kilivyo chepesi mdomoni. "Mama, kitambaa nimekipata."

"Ehe."

"Leo nina ombi. Leo Kagunga mtazame kwa simu moja. Moja tu. Nyingine zote zifungwe mpaka kesho."

"Moja, watu wote hao?"

"Picha ina kipimo chake cha mwezi, mama, na leo kimebaki kidogo mno. Mkichota wote, mchana itazimika. Na ikizimika wataishusha kamera, nami watanitoa."

Kutoka upande wa pili Melania alisikia kuku, na mawimbi yakipiga mchangani, na mtu akiburuta turubai.

"Wakikutoa," Verediana akasema taratibu, "si utarudi nyumbani?"

Hilo Melania hakuwa amelitarajia. Wala halikuwa swali la hila. Mama alikuwa anauliza anachotaka kujua. Kitu pekee alichopaswa kufanya ili ampate mwanawe ni kutofanya lolote, simu zikae juu ya mawe kama kawaida.

"Nitarudi, mama. Nitakwenda wapi kwingine?"

Kisha simu ikakatika, na haikujulikana kama ni mtandao au ni mama.

Saa nne Melania alikuwa Kibirizi. Ngazi ilikuwepo. Alipanda, akatoa kitambaa cheupe, akafuta kioo polepole kwa duara kuanzia katikati, na alipomaliza hakuondoka kama siku zote. Alishuka mpaka chini, akasimama pale wanaposimama abiria, akainua uso na kuinua mkono. Wapagazi walimshangaa. Alibaki hivyo mpaka bega likamuuma.

Kisha akakaa kwenye kivuli cha ofisi, akafungua kompyuta yake, akatafuta mstari wa Kagunga kwenye grafu. Kwa miaka miwili saa hiyo ya Alhamisi ilikuwa kilima. Aliukosa, akadhani picha imezimika. Akausogeza mchoro karibu. Ulikuwepo, mstari mwembamba chini kabisa, wa simu moja. Simu moja tu kijiji kizima, na haikujifunga ilipofika robo saa, maana kuna mtu alikuwa anaigusa. Melania alijua kidole hicho ni cha nani. Alilia kidogo, bila kelele, kisha akajipangusa kwa tambara la zamani ili kile kipya kisichafuke.

Boti ikafika saa saba, abiria wakainua mikono, na mstari haukunenepa. Saa kumi na mbili jioni Mzee Abdulatif alikuja mwenyewe kutazama. Seva ilikuwa inawaka na gigabaiti kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Alitikisa kichwa, akasema atawaambia wajumbe, akaenda kuswali.

Melania alikuwa anafunga kompyuta simu ilipoita. Alipoona jina moyo ukamruka, maana alizoea kwamba jina hilo ni msiba au ugonjwa.

"Melania."

"Naam, mama."

"Tulikaa watu sitini kwenye simu moja. Shingo zinatuuma." Akakohoa, akalainisha sauti kama mtu anayesema jambo la kawaida. "Umefuta vizuri. Ila kona ya chini, mkono wa kushoto, umeruka. Alhamisi ijayo uanzie hapo."